Kwa nini gazeti la jana limeanza kuwa njano

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI anayenunua gazeti kwenye meza ya barabarani hulipia habari, lakini anachokabidhiwa mkononi ni karatasi, tena karatasi ya aina yake, isiyofanana na ya daftari, ya kitabu wala ya mashine za kunakilia ofisini.

Ni nyepesi, ina weupe uliofifia unaokaribia kijivu, huacha wino vidoleni, hulowa mara moja chai inapomwagika, na ikikaa dirishani kwa siku chache hugeuka njano. Wengi hudhani hayo ni matokeo ya ubahili wa mchapishaji. La hasha. Kila moja ya sifa hizo ina sababu yake, na sababu hizo ndizo zinazoeleza pia kwa nini gazeti huuzwa kwa bei ndogo kuliko kitabu, kwa nini gharama zake hupanda vita vinapozuka mbali, na kwa nini sehemu kubwa ya kumbukumbu za nchi zilizoandikwa magazetini imo katika hatari ya kupotea.

Ili kuelewa hayo ni lazima kuanzia porini.

Mti una vitu vitatu vikubwa ndani yake. Cha kwanza ni selulosi, ambayo ndiyo nyuzinyuzi zenyewe. Cha pili ni hemiselulosi, ndugu yake wa karibu. Cha tatu ni lignini, kitu kinachofanya kazi ya gundi: huzishika nyuzinyuzi pamoja na kuufanya mti usimame wima badala ya kulala chini kama majani. Katika miti mingi lignini huchukua kati ya robo moja na theluthi moja ya uzito wa mbao kavu, ikipungua kidogo kwa baadhi ya miti.

Anayetaka karatasi nyeupe na ya kudumu huchemsha vipande vya mbao pamoja na kemikali hadi lignini iyeyuke na kuondoka. Karatasi hupatikana nzuri, lakini hasara ni kubwa, kwa kuwa katika kila tani mbili za mbao hubaki takriban tani moja tu ya nyuzinyuzi.

Karatasi ya gazeti hufuata njia nyingine. Mbao husagwa kwa nguvu za mashine, zamani kwa kusuguliwa kwenye jiwe kubwa linalozunguka na siku hizi kwa kupitishwa katikati ya sahani za chuma zenye meno, huku zikilainishwa kwa mvuke. Hakuna kinachotolewa. Lignini hubaki humo humo, na zaidi ya asilimia 90 ya mti huingia katika karatasi. Hapo ndipo ilipo siri ya bei nafuu ya gazeti, na hapo hapo ndipo ulipo ugonjwa wake.

Njia hiyo haina umri mrefu kama karatasi yenyewe. Kwa karne nyingi karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na kadiri wasomaji walivyoongezeka ndivyo matambara yalivyoadimika. Katika miaka ya 1840 watu wawili wasiofahamiana walifikia jibu moja. Friedrich Gottlob Keller, wa Saxony nchini Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga mbao kwa jiwe. Charles Fenerty, wa Nova Scotia nchini Canada, alipeleka kipande cha karatasi ya mti kwa gazeti moja la Halifax mwaka 1844 akieleza kuwa misitu ingeweza kuchukua nafasi ya matambara. Hakuna aliyetajirika. Keller aliuza haki za ubunifu wake kwa Heinrich Voelter, ambaye ndiye aliyeufanya kuwa biashara.

Ukweli ni kwamba bila jiwe lile la kusagia, gazeti la kila siku linalonunuliwa na mtu wa kipato cha kawaida lisingekuwapo.

Nyepesi, lakini si dhaifu

Forodha za dunia zina tafsiri maalumu ya karatasi hii, nazo nchi za Afrika Mashariki huifuata kwa kuwa zinatumia mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Kwa mujibu wa tafsiri hiyo, angalau nusu ya nyuzinyuzi zake kwa uzito lazima ziwe zimetokana na mbao zilizosagwa kwa mashine, uso wake uwe haukupakwa kitu, na uzito wake uwe kati ya gramu 40 na 65 kwa mita moja ya mraba. Uzito uliozoeleka sana ni gramu 45 na gramu 48.8. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni gramu 80.

Tofauti ya gramu tatu au nne inaweza kuonekana kama mchezo. Tupige hesabu. Gazeti dogo la kurasa 32, lenye ukurasa wa upana wa sentimita 28 na urefu wa sentimita 40, hutumia karatasi ya ukubwa wa takriban mita za mraba 1.8. Kwa karatasi ya gramu 45, nakala moja ina uzito wa gramu 81 hivi. Kwa karatasi ya gramu 48.8, ni gramu 87. Mchapishaji anayetoa nakala 20,000 kwa siku huokoa kilo 136 za karatasi kila usiku kwa kuchagua iliyo nyepesi, na kwa mwaka mzima huokoa tani zipatazo 49. Ndiyo maana mhasibu wa kampuni ya magazeti huijua gramu ya karatasi kuliko mhariri.

Wepesi huo hauna budi kuambatana na ustahimilivu. Karatasi hufika kiwandani ikiwa imeviringishwa kwenye roli. Roli lenye upana wa sentimita 80 na kipenyo cha mita moja lina uzito unaofikia kilo 400, na likikunjuliwa lote hutoa utepe wa kilomita 11, yaani kutoka Posta hadi Mwenge na kusonga mbele kidogo. Utepe huo huvutwa kwa kasi kubwa kupitia mtambo, ukilowanishwa maji na kupakwa wino njiani, bila kukatika.

Unapokatika, mtambo husimama, vipande vilivyosongamana kwenye rola huondolewa kwa mkono, na magari ya kupeleka magazeti mikoani husubiri. Mara nyingi chanzo si kiwanda kilichotengeneza karatasi, bali safari yake. Roli lililodondoshwa bandarini hubonyea upande mmoja na halizunguki sawasawa. Lililogongwa pembeni huwa na mchaniko mdogo usioonekana hadi litakapovutwa. Lililohifadhiwa kwenye ghala lenye unyevu, jambo lisilo geni katika miji ya pwani, hunywa maji ya hewani na kulegea kingo zake. Kwa sababu hiyo kila roli hufungwa kwa karatasi nzito ya kuzuia unyevu, na mchapaji mwenye uzoefu haifungui mapema.

Msomaji anaweza kuuona mwelekeo wa utepe huo kwa mikono yake. Achane ukurasa wa gazeti kwa kushuka kutoka juu kwenda chini, kisha achane mwingine kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja utachanika kwa mstari ulionyooka, mwingine utakwenda kombo. Nyuzinyuzi, zilipokuwa bado zinaelea ndani ya maji kwenye mashine ya kutengeneza karatasi, zilijipanga kufuata mwendo wa mashine kama vijiti vinavyobebwa na mto. Karatasi huchanika vizuri ikifuata mpangilio huo, na hugoma inapoukata.

Kuhusu wino unaobaki vidoleni, sababu ni kwamba wino wa gazeti haukauki kama rangi ya ukutani. Ni masizi ya kaboni yaliyochanganywa na mafuta. Karatasi, kwa kuwa haikutiwa dawa ya kuziba vinyweleo, huyafyonza mafuta papo hapo na kuacha masizi juu. Hakuna tanuri la kukaushia kama lile linalotumika kwa majarida yenye karatasi ya kung'aa. Ufyonzaji huo unaowaudhi wavaaji wa mashati meupe ndio unaowezesha maelfu ya nakala kuchapwa, kukunjwa na kufungwa kabla ya alfajiri.

Misitu tunayo, karatasi twaagiza

Swali ambalo wasomaji huliuliza mara kwa mara ni kwa nini nchi yenye shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, lenye misindano na mikaratusi hadi upeo wa macho, inategemea karatasi ya gazeti kutoka ng'ambo.

Jaribio la kujitegemea kwa karatasi lilifanyika. Kiwanda cha Southern Paper Mills, kilichojengwa Mgololo kwa fedha za umma na mikopo ya nje, kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa na uwezo uliokusudiwa wa tani 60,000 kwa mwaka. Kilianza wakati uchumi ukiwa taabani na fedha za kigeni za kununulia vipuri na kemikali hazipatikani. Katika miaka ya 1990 kilisimama. Mwaka 2004 kiliuzwa kwa wawekezaji wa kundi la Rai na kuitwa Mufindi Paper Mills, na bidhaa yake kuu ikawa karatasi ya kaki, ile ngumu ya mifuko na vifungashio.

Majirani zetu wa Kenya walipitia njia inayofanana. Kiwanda cha Pan African Paper Mills cha Webuye, kando ya Mto Nzoia, kilianza kazi mwaka 1974 kwa ubia wa serikali, shirika la fedha la Benki ya Dunia na kampuni ya Birla ya India. Kilifungwa mwaka 2009, na mji mzima uliokuwa ukikitegemea ukaonja machungu yake. Mwaka 2016 nacho kilinunuliwa na kundi hilo hilo la Rai.

Je, kiwanda cha karatasi ya gazeti kingewezekana leo? Turudi kwenye hesabu yetu. Gazeti la nakala 20,000 na kurasa 32, likitoka siku 360, hutumia tani 580 kwa mwaka. Hata magazeti kumi ya ukubwa huo yakijumlishwa, mahitaji hayafiki tani 6,000. Kiwanda cha Palm Paper cha King's Lynn nchini Uingereza, kilichofunguliwa mwaka 2009, kilijengwa kutoa tani 400,000 kwa mwaka kwa mashine moja. Mashine kama hiyo ingetosheleza magazeti yetu kumi kwa mwaka mzima kwa kazi isiyofika wiki moja.

Kuna suala la umeme pia. Kusaga mbao kwa mashine hula uniti 2,000 au zaidi kwa kila tani ya nyuzinyuzi. Si ajabu kwamba biashara hii ilistawi Canada, Norway na Sweden, kwenye misitu ya baridi na maporomoko ya maji, ambako umeme wake ulikuwa wa bei ya chini.

Aina ya mti siyo kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani. Kiwanda cha Boyer katika kisiwa cha Tasmania kilianza kutengeneza karatasi ya gazeti kwa mikaratusi tangu mwaka 1941, wakati wataalamu wengi waliamini mti huo una nyuzinyuzi fupi mno. Katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1979 ilitumia makapi ya miwa. Malighafi hiyo tunayo Kilombero na Mtibwa. Tunachokosa ni soko la kulisha mashine kubwa, na soko hilo linapungua duniani kote. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 matumizi ya karatasi ya gazeti duniani yameshuka kwa zaidi ya nusu, wasomaji na matangazo vikihamia kwenye simu. Viwanda vingi vimefungwa au kugeuzwa kutengeneza maboksi. Albury, nchini Australia, kilifungwa mwaka 2019. Kawerau, nchini New Zealand, mwaka 2021 baada ya zaidi ya miaka 60 ya kazi.

Hapa pana jambo la kushangaza kwa juu juu. Mahitaji yanaposhuka, mtu angetarajia bei ishuke pia. Lakini viwanda vinapofungwa haraka kuliko wasomaji wanavyopungua, wauzaji wanaobaki huwa wachache, na tukio moja mbali na hapa hutikisa bei. Mwaka 2022 nishati ilipanda bei kutokana na vita vya Ukraine, usafirishaji wa kontena ukiwa bado haujatulia baada ya janga la Uviko-19. Machi mwaka huo, huko Sri Lanka, magazeti ya The Island na Divaina yalisitisha matoleo yao ya Jumamosi kwa kukosa karatasi, kwa sababu nchi ilikuwa imeishiwa dola za kuiagizia.

Karatasi kama rungu

Mwenye kushika karatasi hushika pia koo la gazeti, na watawala wengi wameligundua hilo. Nchini Mexico, tangu mwaka 1935 na kwa miongo kadhaa, kampuni ya serikali iliyojulikana kama PIPSA ndiyo iliyosambaza karatasi ya magazeti. Kwa wahariri ilikuwa neema, kwa kuwa bei ilikuwa na nafuu, na papo hapo ilikuwa tishio, kwa kuwa neema hiyo ingeweza kusitishwa.

India ilikwenda mbali zaidi kwa kuweka ukomo wa kurasa kumi kwa magazeti, hoja ikiwa ni kugawana karatasi haba iliyoagizwa nje. Wachapishaji wa Bennett Coleman walikwenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa kupunguza kurasa ni kupunguza uhuru wa kusema. Uamuzi huo husomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria za habari. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni moja ya hukumu zilizoelewa vyema kwamba uhuru wa habari una uzito wa kilo na tani.

Venezuela haikuhitaji sheria ya kurasa. Udhibiti wa fedha za kigeni na uingizaji wa karatasi ulitosha. Gazeti la El Nacional, lililoanza mwaka 1943, lilichapa nakala zake za mwisho Desemba 2018 na kubaki mtandaoni.

Baada ya kusomwa

Maisha ya pili ya gazeti mitaani ni marefu kuliko ya kwanza. Fundi cherehani hukatia vielelezo vya nguo, mpaka rangi hufunikia vioo, mama wa nyumbani hufungia maparachichi yaive upesi, na muuza vyombo hufungia glasi. Magazeti ambayo hayakununuliwa huuzwa kwa kilo. Yakirudishwa kwenye maji hulainika upesi, kwa kuwa hayakutiwa dawa ya kuzuia kulowa, na ndiyo maana trei za mayai hutengenezwa kwa urahisi kutokana nayo. Nyuzinyuzi zinaweza kurejelewa mara tano hadi saba kabla hazijawa fupi mno.

Matumizi moja yanahitaji tahadhari, nayo ni kufungia vyakula. Karanga, vitumbua na chipsi za moto hufungwa kwa gazeti kila kona ya mji. Mafuta ya moto huyeyusha wino, ambao kama ilivyoelezwa hapo juu haukauki kabisa, na mafuta ya wino mara nyingi hutokana na petroli ghafi. Desemba 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya India iliwaonya wauzaji waache kutumia magazeti. Watafiti wa Zürich, Uswisi, walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2010 kwamba mafuta ya wino huhama hata kutoka kwenye maboksi yaliyotengenezwa kwa magazeti yaliyorejelewa na kuingia kwenye vyakula vikavu. Karatasi ya kaki isiyochapwa ni salama zaidi, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hupatikana katika masoko mengi.

Inabaki habari ya unjano. Lignini iliyoachwa ndani ya karatasi, ikipigwa na mwanga na kukutana na oksijeni, hubadilika na kuwa na rangi ya kahawia. Anayetaka kushuhudia aweke sarafu juu ya gazeti na kuliacha juani kwa siku mbili. Chini ya sarafu patabaki duara jeupe. Mabadiliko hayo huzaa pia asidi, na asidi hukata nyuzinyuzi polepole hadi ukurasa unavunjika ukikunjwa. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, na sisi tuna vyote viwili.

Maana yake ni kwamba magazeti ya miaka ya kupigania Uhuru, yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa la Zanzibar au katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanazeeka kwa kasi kuliko vitabu vya matambara vilivyochapwa Ulaya miaka 400 iliyopita. Wahifadhi huyaweka gizani, kwenye maboksi yasiyo na asidi, na kuyapiga picha kabla hayajavunjika. Kupiga picha ni gharama, lakini ukurasa uliokwisha kuwa unga haupigwi picha.

Kwa msomaji aliyehifadhi nyumbani kipande cha gazeti chenye tangazo la msiba wa mzazi, matokeo ya mtihani au picha ya harusi, njia ya uhakika ni kukinakili sasa kwenye karatasi nyeupe ya ofisini, au kukipiga picha kwa simu na kuihifadhi mahali zaidi ya pamoja. Kipande chenyewe kikae ndani ya bahasha, mbali na mwanga, wala kisibandikwe kwa gundi wala kufunikwa kwa seloteipu, kwani gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka.